Februari kwa Ruhusa

Mpendwa mshauri,

Ruhusa ni kibali anachokitoa mtu ambaye angeweza kukataa. Kwa hiyo kila anayepokea ruhusa na kushukuru amekwisha kukiri, apende asipende, kwamba kukataa nako kulikuwa haki ya mtoaji. Naanza na maana hiyo kwa sababu nimepewa ruhusa, nimeshindwa kuikataa na nimeshindwa kuishukuru, na naomba msaada wako kabla Januari haijaisha, maana ukimya wangu umekwisha kuchukuliwa kuwa jibu.

Mimi ni mwalimu wa historia wa darasa la nane katika shule ya kati ya hapa Tolliver, pwani ya Carolina Kusini, na nyuma ya uwanja wetu wa mpira kuna tuta la zamani la shamba la mpunga, limeota misonobari, watoto hukimbia juu yake wakifanya mazoezi bila kujua wanakanyaga nini, kama nilivyokimbia mimi nilipokuwa na umri wao. Oktoba iliyopita kitabu chetu kilifika ukurasa unaosema kwamba wenye mashamba wa Carolina walilima mpunga wakatajirika, nami nikawatoa wanafunzi nje, nikawasimamisha juu ya tuta lile, nikawauliza ni nani aliyesimama katika maji yale mpaka kiunoni, ni nani aliyejua lango la maji lifunguliwe lini na lifungwe lini, na nikawaeleza kwamba watu walioletwa hapa kwa minyororo kutoka pwani ya mpunga ya Afrika Magharibi hawakuja na vichwa vitupu, walikuja na ujuzi, ingawa wanazuoni wangali wanabishana ni sehemu gani ya ujuzi huo iliyoyajenga mashamba haya, na hilo la kubishana nikawaambia pia, kwa sababu sipendi kumpa mtoto hakika ambayo mimi mwenyewe sina.

Hapo binti mmoja, Tamrah Deas, ambaye bibi yake husuka nyungo za majani na kuziuza kando ya barabara kuu, alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mbona leo? Si bado Februari?"

Hakuwa akinidhihaki; Februari ndio mwezi ambao shule za nchi hii huutenga kwa historia ya watu weusi. Aliuliza kama mtoto angeuliza kwa nini mti wa Krismasi umepambwa Julai, na swali lile nimelibeba tangu siku hiyo, kwa sababu mtoto yule ni wa kizazi cha watu walioyasimamisha matuta yale, na shule imemfundisha kwamba yeye ana msimu.

Wiki haikwisha kabla mzazi mmoja, Bi Lathrop, hajaandika malalamiko kwa mkuu wa shule na kuipelekea idara ya elimu ya kaunti nakala, na nakuomba uyapime maneno yake kwa uangalifu, maana mimi nimeyapima mara nyingi: hakusema kwamba nimefundisha uongo, alisema kwamba nimefundisha mapema, kwamba mambo hayo yana mwezi wake na yeye hana ugomvi na mwezi huo. Idara nayo, ambayo siku hizi huogopa hata kivuli cha malalamiko, ikamtaka mkuu wa shule alimalize jambo hili kimyakimya.

Mkuu wetu wa shule ni Shemasi Alphonso Gethers. Ni mweusi, mmoja wetu, ndiye aliyenifundisha hesabu darasa la sita, ndiye aliyekuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza la baba yangu, na isingekuwa yeye shule yetu ingekuwa imefungwa na watoto wetu wangesafirishwa kwa basi hadi kaunti ya jirani. Kwa hiyo usinijibu kana kwamba ni adui. Siku ya Mwaka Mpya, baada ya gwaride la Ukombozi, la kukumbuka watumwa kuachiwa huru, alikuja kula kwa mama yangu kama ilivyo desturi yake, bado amevaa begani mshipi wake wa zambarau wa gwaride, sauti imemkauka kwa kusoma mbele ya mahakama, na mama akampakulia wali na kunde nyekundu na mboga za majani, kisha yeye akaweka uma chini akaniambia alilokuja nalo.

"Binti," alisema, "mimi sikukatazi. Nakupa Februari nzima. Ukumbi ni wako, kwaya ni yako, redio itakuja, tutakaanga samaki, tutawaalika mpaka wazee wa Charleston. Na mwaka mrefu nakuongezea siku moja bure." Akacheka mwenyewe, mama naye akacheka. Kisha akasema, bila kucheka, "Ila Machi mosi turudi kitabuni, na tubaki kitabuni. Tukienda hivyo, barua yako ya mkataba nitaitia sahihi Aprili kama kawaida. Tusipoenda hivyo, kalamu haitakuwa mkononi mwangu."

Mama akanigusa goti chini ya meza. "Sema ahsante, Verdell."

Nami sikusema ahsante, wala sikusema hapana. Niliongeza wali.

Sasa nikueleze habari za mama yangu, kwa maana yeye ndiye mzigo ulio mzito kuliko mkataba. Mama alisoma katika shule yetu ya zamani, ile iliyokuwa ya watoto weusi peke yao kabla shule hazijaunganishwa, na shule zilipounganishwa ilikuwa yetu iliyofungwa, si ya wazungu, na picha za watu wetu mashuhuri zilizokuwa zimetundikwa katika ukumbi wake, pamoja na vikombe vya ushindi, vilikutwa jalalani nyuma ya karakana ya mabasi. Mama na wenzake walitoka darasani kwa sababu ya picha zile, wakatembea hadi ofisi za kaunti mvua ikiwanyea, wengine wakafukuzwa shule, na baada ya mabishano ya mwaka mzima walirudi na wiki moja ya Februari, ambayo baadaye ikawa mwezi. Tangu hapo mama ndiye anayeandaa maonyesho ya Februari kanisani na shuleni. Ndiye anayewafunza watoto kusema hotuba zao bila kuinamisha kichwa. Na Machi mosi ni mimi na yeye tunaobandua picha ubaoni, tukazikunja vizuri na kuzirudisha katika sanduku la plastiki ambalo hukaa stoo juu ya mapambo ya Krismasi.

Nilipomwambia usiku ule kwamba moyo wangu haujaridhika, alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Miguu hii ndiyo iliyoupata huo mwezi," aliniambia. "Leo umekuwa mdogo kwako? Fadhila za punda, mwanangu, ni mateke." Na tangu hapo ananijibu kwa mkato.

Wiki iliyopita Shemasi aliwatangazia walimu wote kwamba mimi na yeye tumekubaliana, kwaya imekwisha kuanza mazoezi, jina langu limechapwa katika ratiba, na ifikapo mwisho wa mwezi natakiwa kumkabidhi mpango wangu wa masomo hadi Juni, ukiwa hauna lolote la watu wetu isipokuwa sentensi zile za kitabu. Nikikubali, nitakuwa na Februari ambayo kaunti hii haijapata kuiona, nitabaki na kazi, na mama ataketi safu ya mbele akilia kwa furaha. Nikikataa, huenda Agosti darasa langu likawa na mwalimu mwingine ambaye hatawahi hata kulitazama lile tuta, na je, hapo nitakuwa nimemtetea Tamrah Deas au nitakuwa nimeitetea nafsi yangu tu? Nisaidie kupima. Mimi mizani yangu imeharibika.

Verdell, mwalimu wa darasa la nane
Tolliver

*

Mwalimu Verdell,

Mizani yako haijaharibika. Umeweka kitu kimoja pande zote mbili, ndiyo maana haisogei. Tukitoe.

Kwanza nikupe pole, na pole yangu ni ya kweli. Kushindana na mtu mbaya ni kazi nyepesi. Kushindana na mtu aliyelibeba jeneza la baba yako ni kazi nyingine. Lakini pole isikulevye. Umeniandikia maana ya ruhusa kwa ufasaha ambao wanasheria wangeuonea wivu, kisha ukaenda mezani ukaongeza wali. Ulikuwa na neno moja la kusema, ukalifunika kwa wali huo. Shemasi alisikia ukimya wako kama ambavyo mtu yeyote angeusikia, na hakukusingizia alipowatangazia wenzako. Kosa hilo ni lako, nawe ndiwe utakayelirekebisha, kwa mdomo wako, mbele ya walimu walewale.

Pili, soma tena barua yako. Umenieleza kwamba tarehe mosi Januari Shemasi Gethers alikuwa amevaa mshipi na sauti imemkauka kwa kusoma mbele ya mahakama. Hukuniambia alisoma nini, kwa sababu katika pwani yetu hakuna asiyejua: alisoma Tangazo la Ukombozi, lile la kuwaachia huru watumwa, kama linavyosomwa kila Mwaka Mpya tangu babu zetu walipolisikia mara ya kwanza. Alilisoma hadharani, mbele ya mahakama ya kaunti, chini ya bendera ya kaunti, mwezi wa Januari. Kisha akaja kwa mama yako, akala wali na kunde nyekundu, chakula tunachokila siku hiyo kwa sababu ya tunayoyakumbuka siku hiyo, na mdomo wake ukiwa bado na chumvi ya chakula hicho akakuambia kwamba historia yetu ina mwezi wake, nao ni Februari.

Nyote watatu mlikuwa mezani. Hakuna aliyecheka pale palipostahili kicheko.

Simwiti mnafiki. Mnafiki hujua anachofanya. Shemasi ana kalenda mbili, moja ya kwetu na moja ya ofisini, na amezitundika katika vyumba viwili mbalimbali kwa muda mrefu hata hazijapata kuonana. Ile ya kwetu haijawahi kuwa na mwezi mmoja. Ina Mwaka Mpya na gwaride lake. Ina Mei, tunapoyapamba makaburi ya askari waliokufa ili tuwe huru. Ina Juni, tunapoikumbuka siku habari za uhuru zilipowafikia watumwa wa mbali. Ina Agosti, watu wetu wanaporudi kutoka Filadelfia na New York kula pamoja na kuulizana nani ni mtoto wa nani. Ina Oktoba, maana mpunga ulivunwa majira hayo, na wewe, kwa kujua au kwa bahati, ulilifundisha tuta katika majira yake. Binti Deas alikuuliza mbona leo. Jibu lilikuwa hili: kwa sababu leo ndiyo siku yake. Lipeleke, hujachelewa.

Tatu, jambo ambalo mwalimu wa historia hakupaswa kulisahau. Walioianzisha wiki ya Februari ya nchi nzima, karne moja iliyopita, hawakuitaka iwe wiki ya kufundisha. Waliitaka iwe wiki ya kuonyesha yale ambayo watoto wamefundishwa mwaka mzima. Kwa lugha ya shamba lenu, Februari iliwekwa iwe sherehe ya mavuno. Sasa pima unachopewa: ukumbi, kwaya, samaki na redio kwa ajili ya mavuno, pamoja na amri ya kutolima. Utavuna nini? Utawapanga watoto jukwaani na nyungo zilizosukwa vizuri, zisizo na punje ndani, na watu watapiga makofi kwa ajili ya ususi.

Kwa hiyo Februari, kile kitu ulichokiweka pande zote mbili za mizani, huikatai. Unakataa biashara. Hayo ni mambo mawili, na ni kuyachanganya huko kulikokufanya umwogope mama yako.

Kuhusu mama yako, nakukataza kubishana naye. Mtu aliyetembea kwenye mvua ile habishiwi na mtu aliyezaliwa baadaye. Muulize swali moja tu, mkiwa jikoni, mikono yake ikiwa na kazi: "Mama, katika shule yenu ya zamani, zile picha zilitundikwa mwezi gani, na zilibanduliwa mwezi gani?" Kisha nyamaza, kwa kuwa kunyamaza unakujua. Jibu analo. Zilikaa ukutani mwaka mzima. Ndiyo maana jalala lilimuuma. Hakutembea ili apewe wiki. Alitembea kwa sababu amepokonywa mwaka, na wiki ndiyo iliyotupwa mezani watoto walipochoka na mvua. Ukimsaidia kulikumbuka hilo hutakuwa umeupiga teke mwezi wake. Utakuwa umeyachukua madai yake pale alipolazimishwa kuyaweka chini.

Sasa kazi yako, na uifanye wiki hii.

Mwendee Shemasi nyumbani kwake, si ofisini, kabla hujasema lolote mbele ya walimu. Mtu aliyekufundisha kugawanya na kuzidisha hastahili kuaibishwa ghafla. Mwambie hivi, na usiongeze maua: "Shemasi, nilinyamaza mezani na nilikosea. Februari nitaifanya kwa nguvu zangu zote. Masomo ya Machi nitayafundisha pia, na ya Oktoba." Akikuambia habari ya Bi Lathrop, mwombe akuonyeshe ni sentensi gani katika somo la tuta ambayo mzazi huyo ameiita uongo. Hakuna. Lalamiko linalosema "ni kweli lakini mapema" ni lalamiko juu ya saa, na kazi ya shule si kuwatengenezea wazazi saa. Na akikuambia kwamba kalamu haitakuwa mkononi mwake, mkumbushe kwa heshima ni mkono upi unaoshika lile Tangazo kila Januari.

Mpango wako wa masomo uandike ukiwa kamili. Usitenge sura ya watu weusi mwishoni kama chumba cha mgeni. Mpunga uweke penye uchumi wa jimbo, kwa kuwa ndio uchumi wa jimbo. Vita vya uhuru viweke pamoja na watumwa waliotoroka ili wapigane, wa upande huu na wa upande ule. Picha za shule ya mama yako ziweke penye kuunganishwa kwa shule. Kila jambo liwe na ushahidi, na kila penye mabishano ya wanazuoni useme pana mabishano, kama ulivyofanya juu ya tuta. Tabia hiyo ndiyo ngao yako iliyo bora, na ndiyo niliyokusifia moyoni niliposoma. Ukiulizwa ni kwa nini mambo haya yamo, jibu kwamba ungeyatoa, kama ungeonyeshwa namna ya kuieleza Carolina bila ya hayo pasipo kusema uongo.

Watoto usiwafanye askari. Tamrah asisimamishwe mbele ya idara kulia. Wazazi wanaotaka kusimama, wasimame. Anza na bibi yake, ambaye nadhani ana mengi ya kusema kuhusu nyungo zinazonunuliwa na wapita njia mwaka mzima.

Na usijiuzulu. Umeniuliza kama ukifukuzwa utakuwa umemtetea mtoto au nafsi yako. Kujiuzulu kungekuwa kuitetea nafsi. Kubaki, kufundisha, na kuwaacha wao waamue kama watakuondoa, na waandike sababu yao kwa wino na kuitia sahihi, huko ni kumtetea mtoto, kwa sababu mtoto atakuwa amekuona ukifundisha Machi pili. Siwezi kukuahidi kwamba hawatakuondoa. Wahenga walisema mpewa hapokonyeki. Hawakusema hivyo juu ya mruhusiwa. Mruhusiwa hupokonywa kila mara, na hushangaa kila mara. Wewe acha kushangaa.

Machi mosi itakapofika, lile sanduku la plastiki liache stoo na mapambo yake. Picha zibaki ukutani. Atakayetaka kuzibandua, abandue kwa mkono wake mwenyewe, mchana, watoto wakimtazama.

Nimebakiwa na jambo moja ambalo siwezi kukutatulia, na sitajifanya ninaweza. Wale ambao wangeitoa historia yetu darasani, Februari imewazuia kwa sababu moja: ina jina, na kitu chenye jina kikiibwa hujulikana kimeibwa. Wewe unataka iyeyuke katika kila somo, kama chumvi inavyoyeyuka katika wali, nami naona una haki kabisa. Lakini siku itakapokuwa imeyeyuka kweli, bila jina na bila mwezi wake, na mtu aanze kuipunguza kidogo kidogo, kwa ulimi wa nani tutajua?

Mshauri wako